Saa kwenye Scrabble: mwongozo kamili wa kupanga mda, kuanzia sebuleni mpaka mashindanoni

Wadau, leo tuongee mda kwenye Scrabble, ule mchezo wa kuchota herufi kwenye mfuko na kuunda maneno kwenye bodi kwa pointi, maana hili ndo linaua vikundi vingi kabla havijakomaa. Watu wanakaa mezani saa nane mchana, inafika saa kumi na moja jioni mfuko bado umejaa herufi, mmoja anaitazama bodi dakika nane nzima, wengine wameshatoa simu, na jumapili inayofuata ukiwaita kila mtu ana udhuru. Mchezo wenyewe hauna shida hata kidogo, kilichokosekana ni saa.

Na ukinunua boksi hutaikuta saa ndani, wala kanuni za kawaida za nyumbani hazikubani kwa mda. Alfred Butts, yule msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni wakati wa mdororo wa uchumi miaka ya 1930, alikuwa anatengeneza mchezo wa familia, na hata James Brunot alipousajili kwa jina la Scrabble mwaka 1948 ulikuwa ni mchezo wa mezani nyumbani tu. Saa imekuja na mashindano, kwa hiyo kama kikundi chenu kinataka mda inabidi mkae chini mpange wenyewe. Tunaenda hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: amueni mda ni wa zamu au wa gemu nzima

Hapa ndo wengi wanakosea. Wanachukua saa ya mchanga au taima ya simu wanasema kila mtu dakika mbili kila zamu, basi. Inaonekana ni haki lakini sio, kwa sababu zamu hazilingani ugumu. Zamu ya kwanza bodi iko tupu, una herufi saba, unaweza kumaliza kwa sekunde arobaini. Zamu ya kumi na moja mfuko unakaribia kuisha, umeshika Q bila U, mpinzani kakuzidi pointi kumi na tano, na bodi imefungwa kila kona, hapo dakika mbili hazitoshi hata kwa bingwa. Ukiweka mda wa zamu unampa mtu dakika asizozihitaji mwanzoni alafu unamnyima pale anapozihitaji kweli.

Mda wa gemu nzima ndo unaotumika kwenye mashindano: kila mchezaji ana dakika zake, saa yake inatembea tu wakati ni zamu yake, azitumie anavyotaka. Ni kama bando, umepewa MB zako, ukizimaliza kwenye video za asubuhi jioni usilalamike. Mi nasema wazi kwamba kwa watu wawili wazima hakuna sababu ya kutumia kitu kingine.

Ila mda wa zamu nao una sehemu zake. Mkiwa watatu au wanne saa ya chesi haisaidii maana ina pande mbili tu, hapo ama mtafute programu ya simu inayokubali wachezaji zaidi ya wawili, ama muweke dakika mbili kwa zamu na kila mtu apewe ruhusa mbili za kuongeza dakika moja moja kwenye gemu nzima. Hizo ruhusa mbili zinasaidia sana, zinarudisha ile haki niliyosema hapo juu. Watoto pia, mda wa zamu wanauelewa haraka kuliko kuhesabu bajeti ya dakika ishirini. Na michezo mingine ya maneno imejengwa hivyo toka mwanzo, mfano Boggle, dakika tatu za mchanga kila raundi, mchanga ukiisha kalamu chini.

Hatua ya 2: dakika ngapi

Kipimo kilichozoeleka kimataifa ni dakika 25 kwa kila mchezaji. Hata pale Nairobi ilipoandaa ubingwa wa WESPA, chama cha kimataifa cha wachezaji wa Scrabble ya Kiingereza, mwaka 2017 na wachezaji wa nchi mbalimbali wakaja Afrika Mashariki, hicho ndo kipimo wachezaji wa kiwango hicho wamekizoea. Gemu ya watu wawili mara nyingi inakula zamu 12 mpaka 15 kwa kila mmoja, kwa hiyo ukigawanya 25 kwa 13 unapata kama dakika moja na sekunde hamsini na tano kwa zamu. Sio kidogo kama inavyosikika.

Lakini msikimbilie 25 siku ya kwanza kama watu hawajazoea saa. Mi napendekeza hivi: wanaoanza kabisa wape 35 kila mmoja, wakizoea 30, alafu 25. Ofisini mkiwa na saa moja ya lunchi wekeni 20 kila mmoja, jumla 40, mnabaki na dakika za kuhesabu na kubishania neno moja mawili na bado mtu anawahi kula. Dakika 15 ni kwa waliokomaa wanaotaka mazoezi ya haraka, chini ya hapo inakuwa mbio tu na maneno mazuri yanapotea.

Kuna kitu hakitumiki vya kutosha, nacho ni kupeana mda usiolingana. Baba anacheza na binti yake wa darasa la sita, au dada aliyezoea anacheza na mdogo wake, badala ya kumzawadia pointi mia mpe yeye 30 wewe uchukue 12. Pointi zinabaki za kweli, mtoto akishinda ameshinda kwelikweli, na mkubwa anajifunza kufikiri haraka. Jaribuni hii kabla ya kitu kingine chochote mkiwa hamlingani.

Wanaocheza kwa Kiswahili kwa kutumia seti ya Kiingereza ongezeni dakika tano kila mmoja, na sababu iko kwenye herufi zenyewe. Seti ya Kiingereza ina herufi 100, ndani yake K ni moja tu, A ni tisa, wakati E ni kumi na mbili. Sasa fikiria Kiswahili bila K na bila A za kutosha, mtu anakaa na E nne anatafuta pa kuzipeleka. Toeni Q na X kabla ya kuanza maana zitamkalia mtu bure. Na la muhimu kuliko yote, kubalianeni mapema kamusi gani inatumika na kama vitenzi vilivyonyambuliwa vinaruhusiwa, yani je "atapika" ni halali au mwisho wenu ni "pika", kwa sababu msipokubaliana mabishano yatakula mda mwingi kuliko kufikiri.

Hatua ya 3: saa yenyewe

Saa ya chesi ya kidijitali ndo bora lakini sio lazima uinunue leo, simu moja inatosha. Shusha programu yoyote ya saa ya chesi, weka dakika, laza simu kando ya bodi pale mikono yote miwili inafika. Kabla ya kuanza hakikisha mambo matatu: simu iko kwenye hali ya ndege ili isiitwe katikati ya gemu, skrini haizimi yenyewe, na kubwa zaidi angalia ikifika sifuri inafanyaje. Programu nyingi za chesi zinasimama kwenye sifuri maana kwenye chesi mda ukiisha umepoteza. Kwenye Scrabble mchezo unaendelea na mnahitaji kujua umezidisha kiasi gani, kwa hiyo tafuta inayoendelea kuhesabu kwenda hasi. Ukikosa, weka dakika 35 badala ya 25 na mkubaliane kwamba ikifika 10 ndo mda umeisha, kila kinachoshuka chini ya hapo ni ziada.

Kama mna zile saa za zamani za mishale ya chesi, usianzie popote. Peleka mishale kwenye dakika ya 35, yani dakika 25 kabla ya mshale mrefu kufika juu. Ukifika kumi na mbili mda umeisha, na ziada unaisoma moja kwa moja kwenye uso wa saa.

Hatua ya 4: mpangilio wa zamu, huu ushike kichwani

Anayeanza akishachota herufi zake saba, mpinzani anaanzisha saa yake. Kuanzia hapo kila zamu inaenda kwa mpangilio huu huu:

1. Weka neno kwenye bodi. Kama umetumia herufi tupu (kile kipande kisichoandikwa kitu, kinachosimama badala ya herufi yoyote) sema inawakilisha nini, au iandike kwenye karatasi wote muone.
2. Tangaza pointi kwa sauti.
3. Bonyeza saa.
4. Andika skoa yako, na mpinzani aandike.
5. Chota herufi mpya.

Watu wanaugeuza huu mpangilio kila siku, wanachota kwanza ndo wanabonyeza, kumbe wanajichomea sekunde zao wenyewe. Kubonyeza kunakuja kabla ya kuchota. Mpaka hujabonyeza unaruhusiwa kubadili mawazo na kuondoa neno, ukishabonyeza limekaa.

Alafu usichote kwa pupa. Mpinzani anahitaji nafasi ya kuliangalia neno lako, na ukiwa umeshaona herufi mpya kabla hajaamua unaharibu haki ya chalenji, yani kupinga neno kwamba sio halali. Akisema "subiri" usichote, anafikiria kama achalenji, na saa inayotembea hapo ni yake yeye sio yako, kwa hiyo hana faida ya kusubirisha milele.

Akichalenji, saa ya wote inasimama. Hii ni kanuni ya kushika sana: mda wa chalenji sio wa mtu yeyote. Andikeni neno kwenye karatasi, nendeni kwenye kamusi au kompyuta, mrudi na jibu. Neno likiwa bovu mwenye neno anarudisha herufi zake, zamu yake imepotea, saa ya aliyechalenji inaanza. Neno likiwa sahihi inategemea kanuni mliyochagua. Kwenye michezo mingi ya kimataifa aliyewekewa chalenji anaongezewa pointi 5 kwa kila neno lililopingwa, sehemu nyingine aliyechalenji anapoteza zamu. Kikundi kipya mi nashauri za pointi 5, watu wanakuwa huru kuuliza na wanajifunza maneno. Mkianzia na kupoteza zamu wanaoanza wataogopa kuchalenji, alafu mzoefu mmoja atawapitisha maneno ya uongo msimu mzima.

Saa inasimama pia kama mmebishania hesabu, mtu kachota herufi nane badala ya saba, bodi imegongwa herufi zimehama, au umeme umekatika. Haisimami kwa sababu ya simu, soda, wala kusalimiana na aliyeingia mlangoni. Chooni? Cheza zamu yako, bonyeza, nenda kabla hujachota, ukirudi ndo unachota. Mpinzani akimaliza kabla hujarudi saa yako inaanza, ndo ilivyo. Na swala zisiachwe mpaka zigongane na gemu, anayepanga ratiba aangalie nyakati mapema aweke mapumziko kati ya raundi na raundi, hili jambo dogo linafanya watu wajisikie wamekaribishwa.

Hatua ya 5: adhabu ya kuzidisha

Kanuni iliyozoeleka ni kukatwa pointi 10 kwa kila dakika au sehemu ya dakika. Hiyo "sehemu ya dakika" ndo inauma: ukizidisha sekunde 3 ni pointi 10, ukizidisha dakika 1 na sekunde 10 ni pointi 20. Chukua mfano, umemaliza na 412 mpinzani ana 405, unasimama kushangilia, mnaangalia saa yako inasoma hasi 1:10. Toa 20, una 392, umepoteza gemu uliyoishinda kwenye bodi. Mwingine anaona ni ukatili, mi naona ni haki kabisa, maana yule wa 405 alijibana akaweka maneno ya haraka ili abaki ndani ya mda, na wewe ulizipata zile pointi kwa dakika ambazo yeye hakuwa nazo.

Kikundi cha marafiki kianze taratibu. Mwezi wa kwanza saa iwepo lakini msikate pointi, mzione tu nani anazidisha na kiasi gani. Mwezi wa pili pointi 5. Wa tatu 10 kama wenzenu. Alafu wekeni ukomo wa mwisho, mfano mtu akizidisha dakika tano gemu inaishia pale na mnahesabu, vinginevyo atatokea mmoja yuko nyuma pointi 150 hajali kukatwa na anawaweka wote mpaka usiku.

Hatua ya 6: namna ya kuzitumia dakika zako 25

Hapa ndo pana utamu. Gemu usiigawe sawasawa, igawe kwa uzito. Zamu za mwanzo mpaka kati jibane kwenye dakika moja na nusu, ukiona neno zuri lipo na umetafuta bingo (kutumia herufi zako zote saba kwa zamu moja) hujaipata, weka uende. Lengo ni mfuko unapobaki na herufi saba au pungufu uwe bado na dakika tano au sita, kwa sababu kuanzia hapo kila zamu inaweza kuamua gemu, unahesabu mpinzani kashika nini, utoke vipi, umzuie wapi. Mtu anayefika hapo na sekunde arobaini anacheza akiwa amefumba macho.

Mambo yanayookoa mda kweli:

Fikiria kwenye mda wa mpinzani. Saa yake ikitembea ndo wakati wako wa kupanga herufi, kutafuta bingo, kuangalia kona zilizo wazi. Kinachobaki kwenye zamu yako kiwe ni kukagua tu kama kaziba ulipotaka kwenda.

Kufuatilia herufi zilizotoka kunakula mda, kwa hiyo andaa karatasi yenye herufi zote 100 zimeshaandikwa na wewe unakata tu zinavyotoka bodini, tena unakata wakati saa ni ya mwenzako.

Maneno mawili yakitofautiana pointi mbili tatu na hayatofautiani kwa kinachobaki mkononi, chagua moja. Dakika mbili za kulinganisha 24 na 26 hutazirudisha.

Kuchenji herufi au kupasi kuamuliwe mapema. Kumbuka kwamba kuchenji kunahitaji mfuko uwe na angalau herufi saba, sasa kuna watu wanasota dakika tatu wanapanga kuchenji alafu wanahesabu mfuko wanakuta tano.

Na hii ya mwisho ndo naipenda kuliko zote: kwenye karatasi ya skoa, pembeni ya kila zamu andika saa yako inasoma ngapi. Mfano zamu ya 4, pointi 38, imebaki 19:20. Gemu ikiisha unaona wazi dakika zilipotelea wapi. Wengi watagundua haziishi mwishoni, zinavuja zamu ya tatu mpaka ya sita pale bodi inapofunguka na kila kitu kinaonekana kinawezekana. Ukishajua zamu zako zinazovuja ni zipi, kuziziba ni kazi ya wiki chache tu.

Mazoezi yenyewe, cheza gemu mbili za 15 ndo ucheze moja ya 25. Ile ya 25 utaiona pana ajabu.

Darasani, na mkiwa wengi na seti chache

Walimu na wenye vilabu vya shule, kuna namna ya duplicate, wenzetu wanaocheza kwa Kifaransa, wakiwemo wa Kongo, Burundi na Rwanda, ndo walio karibu nayo zaidi. Wote wanapewa herufi zile zile na bodi ile ile, kila mmoja anaandika neno lake kwenye karatasi, mda ukiisha karatasi zinakusanywa, neno lenye pointi nyingi ndo linawekwa kwenye bodi ya wote na kila mtu anabaki na pointi za alichoandika. Mda wa kawaida ni dakika 3 kwa zamu, kuna ya dakika 2, na ya haraka kabisa dakika 1. Asiyewasilisha kwa wakati anapata sifuri ya zamu hiyo. Mwenye saa atangaze kwa sauti zikibaki sekunde 30, hilo tangazo usilisahau, linatofautisha zoezi zuri na vurugu. Saa moja tu inaendesha watoto arobaini.

Mkicheza mtandaoni

Wordfeud, programu ya simu ya mchezo unaofanana na Scrabble, inakupa masaa 72 kwa kila zamu, kwa hiyo usijipime kasi kule, ile ni ya kufurahia taratibu. Ukitaka saa halisi nenda tovuti ya Woogles, ni bure na mnachagua dakika wenyewe. Kama intaneti yenu inasuasua wekeni dakika mbili tatu za ziada mapema ili mtu asikatwe pointi kwa kosa la mtandao.

Mpinzani akisahau kubonyeza saa

Swali hili linaulizwa kila mara. Ameweka neno, katangaza pointi, kaanza kuchota, saa yake bado inatembea. Kwenye mashindano hulazimiki kumwambia, kusimamia saa yake ni kazi yake, na ukikaa kimya hujavunja kanuni. Nyumbani na klabuni mwambie, tena mwambie mara moja kabla hajapoteza dakika nzima. Na kama mmegundua wote wawili baada ya zamu mbili kwamba saa ilikuwa inakula upande mmoja, simamisheni, kadirieni pamoja mda uliopotea, rudisheni nusu yake kwa aliyepoteza, muendelee.